Kupanga Funguo za Utambulisho za Seva ya SSH: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo mafundi na wasimamizi wa mifumo wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala huyarudia kila wanapoanza kugusa `sshd_config`, faili la mipangilio ya seva ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali). Majibu yote yanahusu programu ya OpenSSH, kwa kuwa ndiyo iliyomo ndani ya seva nyingi za Linux tunazozihudumia. Pale jibu linapotegemea jingine, namba ya swali imetajwa ili jambo lisirudiwe.

## Mambo ya msingi

1. Ufunguo wa seva ni kitu gani, na unatofautianaje na ufunguo ninaoingilia mimi?

Ufunguo wa seva ni kitambulisho cha seva yenyewe. Unapoingia kutoka Masasi kwenye kompyuta iliyoko Mtwara mjini, kabla nenosiri lako halijapita njiani, seva hutia saini kwa ufunguo wake wa siri, na programu yako huihakiki saini hiyo kwa ufunguo wa wazi ambao iliuhifadhi siku ya kwanza katika faili la `known_hosts`. Ufunguo wako wewe huithibitishia seva kwamba aliyebisha hodi ni wewe. Ufunguo wa seva hukuthibitishia wewe kwamba hukubisha nyumba ya jirani.

Funguo za seva hukaa ndani ya `/etc/ssh`, na majina yake huanza na `ssh_host_`. Faili la siri linapaswa kusomwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake, yaani ruhusa 600. Likiachwa likasomeka na watumiaji wengine, sshd, yaani programu ya upande wa seva, hukataa kulitumia, na mara nyingi hilo ndilo jibu la fundi anayesema kwamba ufunguo wake "umepotea" baada ya kunakili folda nzima kutoka kwenye flashi.

2. Kwa nini seva yangu ina funguo tatu wakati sikuziomba?

Wakati wa kusakinishwa, mifumo mingi huendesha amri ya `ssh-keygen -A`, ambayo hutengeneza kila aina ya ufunguo inayokosekana: RSA, ECDSA na Ed25519. Lengo ni kwamba programu yoyote itakayokuja, ya zamani au mpya, ikute angalau ufunguo mmoja inaoufahamu. Zamani palikuwa na wa nne, DSA, ambao ulizimwa katika toleo la 7.0 la mwaka 2015 na kuondolewa kabisa katika toleo la 10.0 la mwaka 2025. Ed25519 ndiyo changa kuliko zote, kwani iliingia OpenSSH mwaka 2014 katika toleo la 6.5.

3. Alama ya kidole ya ufunguo naisomaje, na nimpe nani?

Ukiwa umekaa mbele ya seva, andika `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`. Utapata mstari wenye neno `SHA256:` na herufi mchanganyiko baada yake. Huo ni ufupisho wa ufunguo wa wazi ambao binadamu anaweza kuulinganisha kwa macho. Programu za kabla ya OpenSSH 6.8 huonyesha ufupisho wa MD5 wenye jozi za tarakimu na nukta mbili, na ukitaka kulinganisha nazo ongeza `-E md5`.

Alama ya kidole si siri. Ichapishe, ibandike ofisini, mpe kila anayeingia. Jambo moja tu ni la lazima: imfikie mtumiaji kwa njia nyingine, isiyo muunganisho uleule anaotaka kuuhakiki. Kwa sababu hiyo `ssh-keyscan`, amri ya kuchukua ufunguo wa wazi wa seva kupitia mtandao, ikiendeshwa kutoka mbali si uthibitisho, kwa kuwa inakuletea jibu la yeyote aliyesimama katikati ya njia, awe seva au mwizi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, hapakuwa na namna ya mtu kusafiri na karatasi mkononi. Simu ya sauti kati ya watu wanaofahamiana, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha herufi kwa herufi, inatosha kabisa kwa kazi hii. Inachosha, ndiyo, lakini hufanywa mara moja tu.

## Ni nani anayechagua ufunguo utakaotumika?

4. Nimeiweka Ed25519 juu kabisa kwenye `sshd_config`. Mbona watumiaji wangu bado wanapokea ECDSA?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na chanzo chake ni dhana kwamba seva ndiyo yenye upendeleo. Seva haina upendeleo katika jambo hili. Itifaki ya SSH, kama ilivyoandikwa katika waraka wa kiwango wa RFC 4253 wa Januari 2006, inasema kwamba pande mbili hupeana orodha zao za algoriti (hapa, aina za saini), kisha hufuatwa orodha ya mteja, yaani programu ya anayeingia, kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza ambayo seva nayo inayo ndiyo inayotumika. Mpangilio wa orodha ya seva hauamui chochote.

Ifikirie seva kama muuza samaki wa feri. Anaweza kumweka changu mbele na kibua nyuma ya meza, lakini mnunuzi aliyeagizwa kibua atanyoosha mkono apite juu ya changu. Muuzaji asiyetaka kibua kinunuliwe leo ana njia moja tu: asikitoe kwenye jokofu.

Kuna ngazi ya pili inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Programu ya `ssh`, ikikuta kwamba seva unayoiendea tayari ina ufunguo uliohifadhiwa katika `known_hosts`, huipandisha juu aina ya ufunguo huo kabla ya kupeleka orodha yake, ili isikuulize upya jambo ulilokwisha kulikubali. Kabla ya toleo la 8.5 la Machi 2021, ECDSA ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya kawaida ya mteja. Tangu hapo ni Ed25519. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeingia kwa mara ya kwanza mwaka 2018 alihifadhi ECDSA, na kompyuta yake itaendelea kuichagua mwaka hadi mwaka, hadi itakapojifunza Ed25519 kwa njia ya swali la 12, ilhali mwenzake aliyeajiriwa juzi anapata Ed25519 kwenye seva ileile. Hakuna hitilafu hapo.

Ukitaka kuona chaguo lililofanyika, mwambie mtumiaji aingie kwa `ssh -v` na atafute mstari wenye maneno `kex: host key algorithm`.

5. `HostKey` na `HostKeyAlgorithms` zinatofautianaje?

`HostKey` hutaja faili: huu hapa ufunguo, upakie. `HostKeyAlgorithms` hutaja aina za saini ambazo seva iko tayari kuzitoa kwa kutumia funguo zilizopakiwa. Ufunguo ukipakiwa bila algoriti yake kuruhusiwa, hautachaguliwa wakati wa kuunganisha. Algoriti ikiruhusiwa bila ufunguo wake kuwepo, haitatangazwa.

Tahadhari moja ina uzito hapa. Usipoandika mstari wowote wa `HostKey`, sshd hupakia funguo zote tatu za kawaida. Ukiandika mmoja tu, zile za kawaida hazihesabiwi tena, na seva inabaki na huo mmoja ulioutaja. Nimeshuhudia ofisi moja ikipoteza nakala zake za usiku kwa wiki nzima kwa sababu fundi aliongeza mstari mmoja "wa ziada", na skripti iliyokuwa ikiifahamu RSA peke yake ikaanza kukwama na ujumbe wa `Host key verification failed` katika faili la kumbukumbu ambalo hakuna aliyelifungua. Fundi huyo nilikuwa mimi.

6. Alama za `+`, `-` na `^` mbele ya orodha zina kazi gani?

Alama ya kujumlisha huongeza algoriti mwishoni mwa orodha ya kawaida, ya kutoa huziondoa, na `^` huziweka mwanzoni. Bila alama yoyote, orodha uliyoandika inachukua nafasi ya ile ya kawaida yote. Kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 4, `^` ina maana kwenye kompyuta ya mteja. Kwenye seva haibadilishi chaguo.

7. Basi nipange orodha gani kwenye seva?

Kwa seva ambayo watumiaji wake wote wana programu za miaka ya karibuni, pakia Ed25519 na RSA, uiache ECDSA:

`HostKey /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key`
`HostKey /etc/ssh/ssh_host_rsa_key`
`HostKeyAlgorithms ssh-ed25519,rsa-sha2-512,rsa-sha2-256`

ECDSA haijavunjwa, ninaiacha kwa sababu kila ufunguo unaopakiwa ni alama moja zaidi ya kidole ya kuisomea watu kwenye simu, na sijakutana na kifaa katika mikoa hii kinachoifahamu ECDSA kisichofahamu ama Ed25519 ama RSA. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo, ibakize. Lakini kabla ya kuiondoa kwenye seva inayotumika tayari, soma swali la 12, kwa sababu wapo waliohifadhi ECDSA peke yake.

## RSA na vifaa vya zamani

8. Nikiingia kwenye ruta ya zamani naambiwa `no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa`. Nifanye nini?

Kifaa hicho kinajua kutia saini ya RSA kwa heshi (njia ya kufupisha data) ya SHA-1 pekee, na OpenSSH imeizima saini hiyo tangu toleo la 8.8 la Septemba 2021, kwa kuwa SHA-1 haiaminiki tena. Suluhisho la kweli ni kusasisha programu ya kifaa. Isipowezekana, iruhusu kwa kifaa hicho peke yake, katika faili la `~/.ssh/config` la kompyuta yako:

`Host ruta-ghala`
`  HostKeyAlgorithms +ssh-rsa`

Usiiandike chini ya `Host *`. Ukifanya hivyo umelegeza mlango wa kila seva unayoiendea kwa ajili ya ruta moja iliyoko ghalani.

9. Kwa hiyo RSA imekufa na niufute ufunguo wangu wa RSA?

Hapana, na majina ndiyo yanayoponza hapa. Neno `ssh-rsa` hutumika kwa mambo mawili: ni jina la muundo wa ufunguo, na pia lilikuwa jina la saini yenye SHA-1. Kilichozimwa ni saini. Ufunguo uleule wa RSA hutia saini za `rsa-sha2-256` na `rsa-sha2-512`, zilizoingia OpenSSH mwaka 2016 katika toleo la 7.2, na mstari wake katika `known_hosts` utaendelea kuanza na `ssh-rsa` bila tatizo lolote.

Kinachostahili kuangaliwa ni urefu. Ufunguo wa biti 1024 kutoka kwenye seva ya siku nyingi ubadilishwe. `Ssh-keygen` ya tangu toleo la 8.0 hutengeneza biti 3072 usipoiambia vinginevyo.

10. Wafanyakazi wetu wanatumia PuTTY kwenye Windows. Wao hufuata utaratibu gani?

Utaratibu wa itifaki ni uleule: PuTTY ni mteja, na orodha yake ndiyo inayofuatwa. Inao ukurasa wa mipangilio wa kupanga aina za funguo za seva, pamoja na chaguo la kutanguliza zile inazozifahamu tayari. Funguo inazozikubali huziweka kwenye rejista ya Windows, si katika faili la `known_hosts`. Matoleo ya kabla ya 0.75 hayana saini za `rsa-sha2`, kwa hiyo yatagoma kwenye seva ya swali la 7 ikiwa pia hayaifahamu Ed25519, ambayo iliingia katika 0.68. Kompyuta za kaunta zisizosasishwa tangu ziliponunuliwa ndizo za kukaguliwa kwanza.

## Kubadilisha funguo

11. Funguo za seva zibadilishwe kila baada ya muda gani?

Hakuna tarehe ya kuisha. Ufunguo wa seva haufanani na nenosiri, na kuubadilisha bila sababu huwazoesha watu kubonyeza "yes" bila kusoma. Badilisha pale ambapo faili la siri limeonekana na mtu asiyehusika, diski ya seva imeuzwa au kuibwa, aina ya ufunguo imepitwa na wakati, au ufunguo ulizaliwa dhaifu. Hilo la mwisho lilitokea: Mei 2008 ilitangazwa kwamba kifurushi cha OpenSSL cha Debian kilikuwa kikitengeneza funguo zinazokisika, kwa sababu takribani kitu pekee kilichotofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, na kila ufunguo uliotoka kwenye mashine hizo ulilazimika kutupwa.

Kwa ofisi zinazohudumia biashara ya korosho ninaongeza sharti langu mwenyewe: ufunguo usiguswe kuanzia Oktoba hadi minada iishe, labda kama umevuja. Karani wa ghala anayekutana na onyo jekundu wakati malori yamepanga foleni nje hatakupigia simu kusoma alama ya kidole.

12. Nabadilishaje ufunguo bila kuwatisha watumiaji?

Kwa kuwatambulisha ufunguo mpya kabla ya kuustaafisha wa zamani. OpenSSH ina kiendelezi kiitwacho `UpdateHostKeys`, kilichokuja na toleo la 6.8 na kuwashwa kama kawaida katika 8.5. Mteja akishaingia kwa ufunguo anaouamini, seva humtajia funguo zake zote zilizopakiwa, humthibitishia kwa saini kwamba inazimiliki kweli, naye huziandika katika `known_hosts` kimyakimya.

Tengeneza ufunguo wa pili: `ssh-keygen -t ed25519 -N '' -f /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key_mpya`. Ongeza mstari wake wa `HostKey` chini ya ule wa zamani. Funguo mbili za aina moja zikipakiwa, wa kwanza ndio unaotia saini, kwa hiyo kwa sasa hakuna mtumiaji atakayeona tofauti; hapa, tofauti na swali la 4, mpangilio wa mistari una maana, kwa kuwa aina ya ufunguo imekwisha kuchaguliwa. Subiri hadi kila mtu awe ameingia angalau mara moja, na muda huo upime kwa mtu anayeingia kwa nadra kuliko wote, ambaye katika ofisi nyingi ni mhasibu wa nje anayekuja mwisho wa robo mwaka. Kisha pandisha mpya juu, acha wa zamani chini kwa muda kidogo, halafu uuondoe.

Njia hiyohiyo hutumika kumhamisha mtu kutoka ECDSA kwenda Ed25519: pakia zote mbili kwa muda, ndipo uiondoe ECDSA. Kumbuka kwamba kiendelezi hiki ni cha OpenSSH. Watumiaji wa programu nyingine, na skripti zilizopewa faili maalumu la `known_hosts`, uwaorodheshe na uwapelekee alama ya kidole kama ilivyoelezwa katika swali la 3.

13. Mtumiaji ameona `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`. Nimwambie afute mstari aendelee?

Siyo kabla hujajua sababu. Onyo hilo hutokea pale ambapo ufunguo uliotolewa na seva haulingani na ule uliohifadhiwa. Hata seva ikiacha ECDSA na kutoa Ed25519 ambayo mtumiaji hanayo, anaweza kupata onyo hilo. Kwa hiyo onyo kubwa linamaanisha mojawapo ya haya: seva imesakinishwa upya au funguo zake zimebadilishwa, anwani imepewa mashine nyingine, au mtu ameketi katikati ya njia. Wewe msimamizi unazijua mbili za kwanza. Usipozitambua, ichukulie ya tatu kuwa ya kweli hadi ithibitike vinginevyo.

Sababu ikijulikana, `ssh-keygen -R jina-la-seva` huondoa maingizo ya zamani. Kuweka `StrictHostKeyChecking no` ili kelele ziishe ni sawa na kung'oa king'ora kwa sababu kimelia. Ukihitaji ulegevu kwa mashine mpya zinazozaliwa kila siku, `accept-new` hukubali funguo zisizojulikana lakini hukataa zilizobadilika.

## Mazingira ya pekee

14. Tumenakili mashine moja ya mfano kwenye matawi yote. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Matawi yote yana ufunguo mmoja wa siri, kwa hiyo atakayeuiba Nachingwea anaweza kujifanya seva ya Lindi, na hakuna mtumiaji atakayeonywa. Katika mashine ya mfano, futa faili zote za `/etc/ssh/ssh_host_*` kabla ya kunakili, kisha kila nakala iendeshe `ssh-keygen -A` inapowashwa mara ya kwanza.

15. Seva imeharibika na tunaweka mpya mahali pake. Nirudishe funguo za zamani?

Kama seva mpya inachukua jina na kazi ya ile ya zamani, na nakala ya akiba ilihifadhiwa salama, rudisha. Watumiaji hawatahisi kitu. Kama ya zamani iliibwa au ilidukuliwa, usirudishe kamwe, na fuata swali la 13.

16. Ofisi ina anwani moja ya nje, na ruta inapeleka mlango (port) 2222 kwenye seva ya kwanza na 2223 kwenye ya pili. Funguo zitagongana?

Hazitagongana. Kwa mlango usio 22, `known_hosts` huandika anwani pamoja na namba ya mlango, kwa mfano `[seva.ofisi]:2222`. Mgongano hutokea pale ambapo seva mbili hupokezana mlango uleule. Hapo mpe kila moja jina lake kwa `HostKeyAlias` katika mipangilio ya mteja, na ufunguo utahifadhiwa kwa jina hilo badala ya anwani.

17. Tuna matawi mengi na kusoma alama za vidole kumetushinda. Hakuna njia nyingine?

Kuna vyeti. Unatengeneza ufunguo mmoja wa mamlaka, unautunza nje ya mtandao, na kwa huo unasaini ufunguo wa kila seva: `ssh-keygen -s mamlaka -h -I masasi -n seva-masasi.ndani -V +52w ssh_host_ed25519_key.pub`. Seva hutajiwa cheti chake kwa `HostCertificate`, na kila kompyuta ya mteja huwekewa mstari mmoja wa `@cert-authority *.ndani` wenye ufunguo wa wazi wa mamlaka. Kuanzia hapo tawi jipya hukubalika bila swali. Katika orodha ya kawaida ya mteja, algoriti za vyeti hutangulia funguo tupu. Lakini ikiwa uliandika `HostKeyAlgorithms` mwenyewe kama katika swali la 7, ongeza `ssh-ed25519-cert-v01@openssh.com`, la sivyo cheti hakitatolewa. Cheti cha mfano huu huisha baada ya wiki 52, kwa hiyo tarehe yake iingie kwenye kalenda ya ofisi.

18. Nipo Mtwara, seva ipo Dar es Salaam. Nawezaje kubadilisha haya yote bila kujifungia nje?

Endesha `sshd -t` kwanza. Isipotoa neno, faili linasomeka. Kisha `sshd -T | grep -i hostkey` ikuonyeshe kinachotumika kweli, kwa sababu mifumo mingi sasa husoma pia faili za `/etc/ssh/sshd_config.d`, na kwa maagizo kama `HostKeyAlgorithms` thamani iliyosomwa kwanza ndiyo inayoshika, hata kama uliandika nyingine chini yake. Pakia upya kwa `systemctl reload ssh`, au `sshd` badala ya `ssh` kwenye jamii ya Red Hat.

Dirisha ulilomo lisifungwe. Fungua la pili, ingia upya, soma ufunguo uliochaguliwa kwa `ssh -v`, na ujaribu pia kutoka kwenye kompyuta iliyo ya zamani kuliko zote ofisini. Likikataa, dirisha la kwanza bado liko ndani, na faili la awali ulilolinakili kabla ya kuanza linarudishwa kwa amri moja.